Pambano la Canelo na Crawford alfajiri ya Jumapili: tunatazamaje nyumbani bila kuliwa pesa tena?

Mtoto_wa_Langalanga | Jumatatu, saa 3 usiku

Wadau wa ndondi, shikamooni wakubwa, na wengine mambo. Canelo Alvarez na Terence Crawford wanakutana Las Vegas Jumamosi hii tarehe 13 Septemba 2025, uwanja wa Allegiant, mikanda yote minne ya uzito wa super middle ikishindaniwa. Nataka kuliona hilo pambano nyumbani. Si baa, si klabu, si kuchungulia simu ya mtu. Sebuleni, kwenye TV, baba yangu akiwa kwenye kiti chake.

Yeye ndiye sababu. Mzee alirusha ngumi ujana wake, alianzia pale Madison Square Garden. Wageni wakisikia hivyo hudhani tunajipiga kifua, lakini Nakuru tunayo Madison Square Garden yetu, ukumbi uliolea mabondia wa mji huu tangu enzi. Siku hizi magoti yamegoma. Kumtoa saa 10 alfajiri kwenye baridi hii nimpeleke akakae na walevi waliolala hapohapo, hapana.

Nimeshindwa mara mbili, nichekeni mkitaka.

Ya kwanza, Novemba mwaka jana, Tyson na Jake Paul. Nilikuwa nimezoea kwamba ndondi za Marekani ni Jumapili alfajiri. Jumamosi mchana niko kinyozi nanyolewa, jamaa wawili wanabishana kama Tyson alikuwa mgonjwa ama ni uzee. Nikauliza, "Kwani limekuwa lini?" Kinyozi akazima mashine akaniangalia. Lile pambano lilikuwa Ijumaa usiku kule Texas, kwa hivyo kwetu lilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshanunua nyama ya wageni wa Jumapili.

Ya pili nilitoa shilingi 300 kwa jamaa wa kundi fulani mtandaoni aliyeuza linki "safi, HD, haikatiki". Mapambano ya utangulizi yalionekana, ijapokuwa kila dakika linafunguka tangazo la kamari. Mabondia wakubwa walipoanza kutoka chumbani, picha ikaganda bondia mmoja akiwa na taulo kichwani. Ikabaki hivyo. Mzee alimwangalia yule mtu wa taulo kama dakika kumi, kisha akasema anaenda kulala.

Sasa nasikia hili liko Netflix na hakuna malipo ya ziada. Ni kweli? Na kwa mengine, mtu anaanzia wapi?

Fundi_Madishi | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Ni kweli. Ukiwa na akaunti ya Netflix inayolipiwa, pambano limo ndani. Tulia hapo kwanza, nakuja na maelezo marefu nikimaliza kula.

JaKondele | Jumatatu, saa 4 usiku

Omera, hiyo ya taulo imeniua 😂 Lakini ndondi si za kutazamwa nyumbani. Hapa Kisumu, Mayweather na Pacquiao mwaka 2015 tulikuwa klabu moja Kondele, Jumapili asubuhi tarehe 3 Mei, watu hadi dirishani. Wengine walikuwa na Biblia mkononi, wanapitia hapo kwenda kanisani. Ndani ya nyumba utapata wapi hiyo raha?

Bondeni_Mkongwe | Jumatatu, saa 4:15 usiku

Raha ya raundi 12 bila mtu hata mmoja kwenda chini? Mimi pia nilikuwepo mahali kama hapo mwaka huo. Watu walianza kutoka raundi ya 9 wakisema afadhali mahubiri. Na Wamarekani walilipa karibu dola 100 kwa nyumba kuliona hilo hilo.

Fundi_Madishi | Jumatatu, saa 4:50 usiku

Haya. Kazi yangu ni madishi na kuvuta intaneti majumbani, kuanzia Kiamunyi hadi Lanet, na swali hili naulizwa kila pambano kubwa likikaribia.

Kosa la kwanza ni kuuliza "ndondi huonyeshwa wapi" jinsi mtu anavyouliza ligi ya Uingereza. Ligi, mwenye haki anajulikana kwa miaka kadhaa, ukilipia unakaa. Ndondi ni kama soko la Jumapili, kila promota, yaani mwandaaji wa mapambano, na meza yake. Huyu kauzia huku, yule kauzia kule, na bondia uliyemwona mwaka huu kwa dekoda mwaka ujao yuko kwenye programu ya simu. Kwa hivyo usilipie "ndondi". Lipia pambano. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia ukurasa wa promota au wa bondia mwenyewe uone ametaja nani ndiye mrushaji, kisha ingia kwa huyo mrushaji uangalie kama pambano limo kwa ratiba ya Kenya. Mambo yanayotangazwa Uingereza hayatuhusu sisi moja kwa moja.

Kwa kawaida litakuwa mahali pamoja kati ya haya:

Netflix wameingia ndondi kwa mapambano machache makubwa. Tyson na Paul lilikuwa lao, la Katie Taylor na Serrano la Julai mwaka huu lao, na hili la Jumapili. Hapo hulipi zaidi ya akaunti yako ya mwezi.

DAZN, programu ya kulipia ya michezo mtandaoni, wana ndondi nyingi kuliko wote na hapa Kenya inafunguka. Ila soma vizuri: kuna ada ya mwezi, halafu kuna mapambano wanayouza peke yake juu ya hiyo ada. Joshua na Dubois pale Wembley Septemba mwaka jana, liliuzwa hivyo. Usyk na Dubois Julai hii, vilevile. Nimeona mteja amelipa mwezi mzima, akafungua saa sita usiku, akakutana na ukurasa wa kumwambia aongeze pesa. Akanipigia simu mimi, kana kwamba ni mimi nimemfungia.

DStv kupitia SuperSport hupata baadhi. Angalia ratiba ya wiki hiyo na uangalie chaneli yenyewe iko kwa kifurushi chako, maana ratiba kuonyesha pambano si sawa na wewe kuliona.

Linki za bure na za mia tatu achana nazo. Si habari ya uhalali peke yake. Hao watu hukatwa wakati ule ule unaowahitaji, kwa sababu warushaji huwinda linki wakati pambano kuu linaanza. Ndiyo maana utangulizi wako ulionekana vizuri.

Mtoto_wa_Langalanga | Jumatatu, saa 5 usiku

Kumbe. Na mimi nilidhani ni bahati mbaya yangu tu.

MamaShiru_FreeArea | Jumanne, saa 1 asubuhi

Habari zenu. Mimi si mtu wa ndondi, ni mke wa mtu wa ndondi. Hizo saa ndizo zinatuua. Bwana huniambia "ni saa nane", kumbe ni saa nane ya huko. Watoto wanaamshwa na kelele, mimi naamka kupika chai, wanakaa hadi kunakucha, hakuna pambano. Mtu anieleze mara moja nibandike kwa friji.

Bondeni_Mkongwe | Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Mama Shiru, chukua kalamu.

Pambano likiwa Las Vegas, miezi hii wao wako nyuma yetu saa 10. Kwao Jumamosi saa 2 usiku, kwetu ni Jumapili saa 12 asubuhi. Novemba wakirudisha saa zao nyuma tofauti inakuwa 11. New York ni saa 7 miezi hii, baadaye 8.

Likiwa London wako nyuma yetu saa 2 hadi mwisho wa Oktoba, kisha 3. Pambano kuu lao hupigwa kama saa 4 usiku, kwa hivyo sisi ni saa 6 au 7 usiku.

Likiwa Riyadh, Saudi Arabia, saa yao ndiyo saa yetu. Hakuna hesabu. Fury na Usyk wa kwanza, Mei 2024, saa iliyokuwa ukutani kwao ndiyo iliyokuwa ukutani kwangu hapa Bondeni. Ndiyo maana mimi nawapenda hao Waarabu.

Na hili la kuamka alfajiri kwa ajili ya Wamarekani si geni. Ali na Foreman walipigana Kinshasa Oktoba 1974, Afrika hapa hapa, na wakaingia ulingoni saa 10 alfajiri ya Kinshasa ili watu wa Marekani waone jioni yao. Kwetu ilikuwa saa 12 asubuhi. Mimi nilikuwa kijana, tumesimama nje ya duka tukingoja redio itoe habari, na ilipotajwa raundi ya 8 mwenye duka alitupa kofia juu ya paa. Ilikaa huko hadi mvua.

MamaShiru_FreeArea | Jumanne, saa 1:45 asubuhi

Asante mzee. Imebandikwa. London nimeandika "ya Uingereza", maana bwana yangu ana shemeji mtaa wa London hapa Nakuru na hiyo imekuwa kisingizio mara nyingi.

Mulembe_77 | Jumanne, saa 4 asubuhi

Mko sawa? Mimi niko Kakamega, sina intaneti ya kuvutwa nyumbani, natumia bando la simu. Naweza?

Fundi_Madishi | Jumanne, saa 6 mchana

Unaweza, lakini piga hesabu. Netflix kwa picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Picha ya kawaida hadi GB 1. Jumapili wanaanza kurusha saa 10 alfajiri na pambano kuu haliingii kabla ya saa 12, huenda likasogea. Ukitazama yote kwa HD weka GB 10 kando. Ukitaka kuokoa, shusha ubora kwenye mipangilio ya programu kabla, au ingia saa 11 na nusu. Raundi 12 za dakika 3 na mapumziko ni dakika 47 tu kama hakuna aliyelala chini.

Tena kuna akaunti ya Netflix ya bei ya chini ya simu pekee. Hiyo haiingii kwa TV hata umwombe Mungu. Usisubiri alfajiri kugundua. Na ukidhani utarusha kioo cha simu kwenye TV, programu nyingi za kulipia hukupa sauti na picha nyeusi. Wameziba makusudi. Waya wa HDMI kutoka kwa simu nao si kila simu inaukubali, hata kama tundu linaingia.

Kulipa: kama huna kadi ya benki, ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi.

Mulembe_77 | Jumanne, saa 6:20 mchana

Nitashusha ubora. Mimi kwetu ngumi nazijua hata zikiwa na ukungu.

Mgeni_Mwanza | Jumanne, saa 2 usiku

Majirani wa Kenya, nachungulia tu. Huku sisi tumeharibika, Azam TV wanatuonyesha mapambano ya nyumbani hadi tunachoka. Ila nyie mliona bondia wetu Mandonga alivyokuja Nairobi Januari 2023 na ile ngumi yake aliyoiita Sugunyo akampiga mtu wenu pale KICC 😀

JaKondele | Jumanne, saa 2:05 usiku

Huyo Mandonga mdomo ulishinda kabla ya ngumi. Rudi ziwani ukavue.

Mgeni_Mwanza | Jumanne, saa 2:06 usiku

Ziwa ni letu sote kaka. Mwakinyo wetu alienda Birmingham 2018 akamshinda Mwingereza Eggington nyumbani kwake raundi ya pili, hiyo ulitazama wapi?

JaKondele | Jumanne, saa 2:15 usiku

Facebook, siku ya pili. Sawa, umenipata.

Bondeni_Mkongwe | Jumatano, saa 12 jioni

Vijana mnapoongea Mandonga, kumbukeni mji huu ulimtoa Philip Waruinge. Olimpiki ya Mexico 1968 alipata shaba tu, lakini kombe la Val Barker la bondia bora wa michezo yote wakampa yeye. Fikirieni: mwenye shaba ndiye bora kuliko wenye dhahabu. Sasa majaji walikuwa wanaangalia nini? Munich 1972 akachukua fedha. Kisha ikabidi tusubiri hadi Seoul 1988 Robert Wangila atuletee dhahabu, alimwangusha yule Mfaransa Boudouani raundi ya pili, hakuwaachia majaji kazi.

Baba wa Langalanga atakuwa anamjua Waruinge. Muulize.

Mtoto_wa_Langalanga | Jumatano, saa 3 usiku

Nimemuuliza. Amenyamaza, halafu akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya uso wangu, haraka, nikashtuka. Akasema, "Hukuuona ukija. Ndivyo alivyokuwa." Akarudi kwa habari.

Fundi_Madishi | Alhamisi, saa 1 usiku

Langalanga, sasa ya kwako wewe mwenye intaneti ya kuvutwa. Mambo ya kufanya kabla ya Jumamosi usiku, si Jumapili alfajiri:

Fungua programu kwenye TV leo. TV ikikaa miezi bila kufunguliwa programu itadai kusasishwa, na itadai saa ile umekaa na chai. Hakikisha unakumbuka nywila. Nimeona mzee mzima anabonyeza herufi moja moja kwa rimoti huku raundi ya 2 inaisha.

Ruta iko wapi? Nyumba nyingi za huku iko chumbani nyuma ya kabati, kwa sababu fundi aliyevuta alichoka hapo. Kama unaweza, toa waya wa mtandao kutoka kwa ruta hadi kwa TV. Waya wa mita 15 ni bei ndogo na unamaliza ugomvi wote. Kama huwezi, isogeze hadi kwenye mlango wa sebule. Kasi yenyewe si kubwa, HD ni Mbps 5, lakini ziwe 5 zinazofika kwa TV, sio zinazofika kwa kabati.

Simu za wageni zisiingie waifai. Utaonekana mchoyo, vumilia. Wageni sita kila mmoja anatuma video ya TV yako, picha itaanza kuzunguka.

Stima. Tafuta kile kibetri cha ruta, UPS ndogo. Ruta hula wati chache sana, kinaishikilia saa kadhaa. Lakini angalia: wengine mna visanduku viwili ukutani, cha faiba na cha ruta. Ukiweka betri kwa kimoja tu hujafanya kitu.

La mwisho, ukiingia umechelewa Netflix inaweza kukuuliza kama unataka kuanzia mwanzo au kwenda moja kwa moja. Chagua vizuri. Rafiki yangu alitazama Tyson akiwa nyuma nusu saa bila kujua, na majirani wameshazima taa.

Wakili_wa_Kiti | Alhamisi, saa 2 usiku

Nimesoma kimya. Neno moja: kuna mtu humu ameniandikia kando akiuliza kama anaweza kutoza majirani shilingi 50 kwa kichwa sebuleni kwake. Akaunti ya nyumbani ni ya nyumbani. Ukianza kutoza kiingilio umekuwa ukumbi, na ukumbi una leseni zake. Majirani wakija na mkate na maziwa, hilo ni jambo lingine.

MamaShiru_FreeArea | Alhamisi, saa 2:10 usiku

Kwangu kiingilio ni mkate na kuvua viatu.

Mtoto_wa_Langalanga | Ijumaa, saa 4 usiku

Ripoti. Programu ilidai kusasishwa kweli, dakika ishirini. Waya nimenunua, umepita chini ya zulia. Kibetri nimepata cha kuazima, na visanduku vyangu ni viwili, Fundi wewe ni nabii. Nimeunganisha vyote.

Mzee amejua. Alikuwa anajifanya hajali, leo nimemkuta anahesabu maharagwe kwenye meza. Kumi na mbili. Anasema kila raundi harage moja, upande wa Canelo au upande wa Crawford, na mtangazaji nimzime sauti maana "watangazaji hupigana wao". Mkongwe, hiyo ni kawaida?

Bondeni_Mkongwe | Ijumaa, saa 4:30 usiku

Ndiyo njia yenyewe. Raundi aliyeshinda anapata 10, mwenzake 9. Ukiangushwa unabaki na 8. Kama hakuna aliyeanguka maharagwe yanatosha. Saba kwa tano ndiyo 115 kwa 113. Nane kwa nne ni 116 kwa 112. Sauti izimwe kabisa. Ukisikia mtu analia "ooh!" jicho lako linaongeza ngumi ambayo haikufika.

Mimi nasema Canelo. Crawford anatoka uzito wa kilo 70 kuja 76, huo ni mlima.

JaKondele | Ijumaa, saa 4:40 usiku

Crawford. Na nitakuwa Kondele, klabu, na watu.

Mulembe_77 | Jumapili, saa 10:20 alfajiri

Kakamega tuko macho. Picha ina ukungu lakini iko.

MamaShiru_FreeArea | Jumapili, saa 11:15 alfajiri

Mikate minne hadi sasa. Huyu Mbilli na Martinez wa pambano la kabla ya lile kuu wanapigana au wanadaiana? Hakuna anayerudi nyuma. Hata mimi nimekaa.

Bondeni_Mkongwe | Jumapili, saa 11:30 alfajiri

Sare! Haki kabisa. Huyo Mbilli amezaliwa Yaoundé, Kamerun, mnajua?

JaKondele | Jumapili, saa 12:10 asubuhi

Wadau klabu imejaa, mimi niko nyuma ya nguzo. Naona glavu moja moja.

Fundi_Madishi | Jumapili, saa 12:15 asubuhi

😂 Nguzo ya raha.

Mulembe_77 | Jumapili, saa 1:40 asubuhi

CRAWFORD!! 116-112, 115-113, 115-113. Mlima ameupanda!

Mtoto_wa_Langalanga | Jumapili, saa 4 asubuhi

Nimerudi. Sikuwa nimefungua humu kwa sababu nitakayoeleza.

Hadi raundi ya 7 kila kitu kilikuwa kizuri hadi nikaogopa. Picha kali, sauti imezimwa, mzee ameegemea mbele, kila kengele ikilia anafikiri kidogo kisha anasogeza harage kwa kidole kimoja. Hakuongea. Wajomba wawili walijaribu kubishana akawainulia kiganja bila kuwaangalia.

Katikati ya raundi ya 8, stima ikaenda. Mtaa mzima. Nyumba ikawa kimya, mjomba mmoja akasema neno ambalo sitaliandika. Mimi nikaona taa mbili za kijani kwenye kona: visanduku viko hai. Nikatoa simu, nikaingia akaunti, pambano hili hapa. Nikaisimamisha kwenye mkebe wa majani ya chai, watu watano tukabanana nyuma ya kiti cha mzee kama tunapigwa picha ya pasipoti.

Mzee akasema, "Rudisha." Nikamwambia tutakosa yanayoendelea sasa. Akasema hawezi kutoa harage la raundi ambayo hakuiona nusu, huo ni wizi. Nikarudisha hadi mwanzo wa ya 8. Kwa hivyo tukawa nyuma ya dunia nzima kwa dakika kadhaa, na akaamuru simu zote zizimwe, ndio maana sikuingia humu. Raundi ya 10 kijana wa jirani, sijui yeye alikuwa anatazamia wapi, alipita nje akipiga kelele jina la mshindi. Mjomba akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kumfunika. Mzee hakusikia, au alijifanya.

Kengele ya mwisho ilipolia alihesabu. Saba kwa Crawford, tano kwa Canelo. Kisha matokeo yakasomwa. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa na maharagwe yake kamili.

Hakushangilia. Aliuliza tu kama chai imebaki.

Bondeni_Mkongwe | Jumapili, saa 4:20 asubuhi

Mimi Canelo nilimpa sita. Sare, kwa macho yangu. Ya 4 aliipa nani?

JaKondele | Jumapili, saa 4:25 asubuhi

Mkongwe amekataa kushindwa. Langalanga, tukipata lingine Riyadh nitakuja na gari la asubuhi, nguzo imenichosha. Mkate ngapi?

Fundi_Madishi | Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Kile kibetri kilibaki asilimia ngapi? Nauliza kikazi.

Mtoto_wa_Langalanga | Jumapili, saa 5 asubuhi

Fundi, taa moja kati ya nne, na stima bado haijarudi.

JaKondele, miwili, na mtindi kama unapitia Kericho.

Mkongwe, kuhusu ya 4 mzee anasema njoo umuulize mwenyewe, yuko hapa na maharagwe bado yamepangwa mezani. Lakini njoo kabla ya saa 7. Mama ameshaweka maji jikoni na anasema yale kumi na mbili alitoa kwenye kilo yake.